Mikoba yake inazunguka mjini, mwenyewe hathubutu kutoka

Saa nne asubuhi, jua limeshapanda, lakini mlango wa chumba hiki umefungwa kwa makomeo mawili. Fundi ameketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, uso mlangoni. Mapajani pake kuna kitako cha mkoba, kigumu kama kifuniko cha sufuria, na sindano nene yenye ndoano inaingia na kutoka kwenye uzi wa nailoni bila yeye kuitazama.

Mtu anabisha. Sindano inasimama.

Fundi haitikii. Mkono wake wa kulia unashuka polepole hadi kwenye mkasi ulio sakafuni, unatulia juu yake. Nje mtu anakohoa, anabisha tena, kisha sauti ya mwanamke inasema, "Ni mimi. Nimekuletea uzi."

Anashusha pumzi, anainuka, anafungua komeo la juu, halafu la chini. Anayeingia ni muuza nyuzi, mwenye duka lililo mbele ya chumba hiki, mama mwenye mwili na maneno mengi, kakumbatia mabunda manne ya uzi kama mtu aliyeokoa vifaranga kwenye mvua.

"Nimemwambia mara ngapi aanze kusema kabla ya kubisha," fundi anasema baadaye, akisharudi kwenye kigoda chake. "Anasahau. Zamani na mimi ningesahau."

Majirani wanamwita Benki. Wanasema hafunguki ovyo, na siku za sikukuu hafunguki kabisa. Yeye akisikia hucheka kidogo, kicheko cha kuitikia tu. Wengi wao hawajui kwamba ile mikoba mikubwa wanayoiona sokoni, ile inayobeba viazi, nguo za kufua na vyuma vya mafundi bomba bila kulegea, inatoka humu ndani. Wanadhani inaletwa kutoka mbali. Ndivyo muuza nyuzi anavyowaambia, na ndivyo fundi alivyomwomba aseme.

Kazi yenyewe haina siri. Mkoba unaanzia chini, kwa mishono midogo iliyobanana, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kitako kiweze kukaa chenyewe bila kujikunja. Kisha zinapanda kuta. Lakini kwa fundi huyu, mkoba ni mikono yake ya kushikia.

Wafumaji wengi huishonea kwenye ukingo wa juu. Yeye huanza mkanda chini kabisa. Huupitisha chini ya kitako, huupandisha ubavuni akiushona taratibu, huuacha ukae kama tao, huushusha tena, huuzungusha chini mpaka upande wa pili, mpaka ukutane na pale ulipoanzia.

"Ukishonea juu tu, siku moja utaviokota viazi vyako barabarani," anasema. "Ukizungusha hivi, mzigo unakalia mkanda. Unabebwa kama mtoto."

Mkoba mmoja unakula mabunda mawili ya uzi na siku nne za kazi. Kwa mwezi anatoa sita, ikizidi sana saba. Miwili inalipa kodi, mmoja unarudi kwenye uzi, iliyobaki ni chakula na dawa. Wateja wanataka zaidi. Muuza nyuzi ameshamwambia atafute wasichana wawili awafundishe, apanue kazi. Jibu limekuwa lile lile: siwezi kuweka watu wanaoingia na kutoka.

"Watu wanafurahi kazi yao ikijulikana," fundi anasema. "Mimi kila mkoba ukitoka hapa naona kama nimemtuma mtu akaseme niko wapi."

Ili kumwelewa, lazima utazame mkono wake wa kushoto. Kidole cha mwisho kimepinda. Mfumaji hupitisha uzi kwenye kidole hicho ili usilegee wala usibane. Cha kwake hakikunjiki vizuri, uzi unamponyoka kidogo kila anapovuta, na mishono yake yote inalala upande mmoja, kama nyasi zilizokanyagwa. Mnunuzi haoni. Mfumaji mwenzake anaona.

Akiulizwa kilipinda vipi, husema, "Mlango." Halafu baada ya muda, "Mlango haukujifunga wenyewe."

Aliolewa katika mji mwingine, na fundi wa kuchomelea vyuma. Nje ya nyumba mume huyo alikuwa mtu wa watu. Geti la jirani likivunjika, anatengeneza bila kudai chochote. Watoto wa mtaani walikuwa wanamkimbilia akirudi kazini. "Hata leo ukienda ukamuulizia, utaambiwa hakuna mwanamume mpole kama yule," anasema. "Ndiyo maana sikuwa na wa kumwambia."

Ufumaji huu wa ndoano, krosheti, alifundishwa na mama mkwe, uani, mwaka wa kwanza wa ndoa, siku ambazo nyumba ile bado ilikuwa na vicheko. Mama huyo alikuwa amemlea mwanawe wa pekee kwa kuuza mikoba ya namna hiyo. Ule mkanda wa kuzungusha kitako ni wake. Aliubuni mwenyewe, baada ya kuchoka kuletewa mikoba iliyokatika.

Chumba cha mama mkwe na chumba chao vilitenganishwa na ukuta mmoja. Mambo yalipoharibika, fundi alijifunza kitu kuhusu ukuta huo.

"Nikianza kulia, redio ya mama inapanda," anasema bila kuinua sauti. "Nikinyamaza, inashuka. Nilikuwa najua anasikia."

Aliondoka alasiri moja mume akiwa kazini, na nguo za kubadili, sindano yake na nauli aliyokuwa akiificha ndani ya mto. Alipanda gari la kwanza lililokuwa likiondoka, akashuka lilipoishia. Katika mji asioujua, aliingia kwenye duka la nyuzi kwa sababu ndicho kitu pekee alichokifahamu katika mtaa mzima. Akasimama akishika bunda hili, akiacha, akishika lile.

"Dada, unanunua au unazisalimia?" mwenye duka akamuuliza.

Akajibu tu kwamba anajua kufuma. Akapewa uzi na benchi. Siku ya nne muuza nyuzi aliuchukua mkoba uliokamilika, akaukanyaga kitako kwa mguu mmoja, akaivuta mikono yake kwa nguvu zake zote, na nguvu anazo. Haukutoa hata mlio. Siku hiyo hiyo akakiondoa kitanda kibovu na maboksi kutoka stoo ya nyuma, akampa ufunguo.

Kwa zaidi ya mwaka, hofu ilipungua kidogo kidogo. Fundi alianza kufungua dirisha dogo linalotazama dukani. Alianza kuimba akifuma. Mara moja alitoka mwenyewe hadi bombani.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka huu, muuza nyuzi alikuja chumbani mchana kweupe, safari hii bila uzi wala utani.

"Mdogo wangu, kaa chini," alisema. "Yule mama wa sabuni, yule aliyenunua mkoba mwekundu. Kuna mtu kamsimamisha kule kituo cha magari. Kaushika mkoba, kaupindua, kautazama chini. Kisha kamuuliza nani kaufuma."

"Mtu gani?"

"Sijui. Mama sabuni alikuwa na haraka, alinirushia maneno akipita tu. Keshasafiri na mzigo wake."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mdogo wangu, ningejua ningekwambia."

"Alimjibu nini?"

Muuza nyuzi alitazama sakafu. "Alimwambia aliununua dukani kwangu."

Fundi anasema masikio yake yalizibika, akawa anaona midomo ya mwenzake ikicheza bila sauti. Alipozinduka alikuwa ameshaupakata mkoba aliokuwa anaumalizia, anaufumua. Aliufumua mkanda, akafumua kuta, akashuka hadi kitakoni, uzi ukajaa chumba kizima. Kazi ya siku nne.

"Nilijiambia nikiuondoa huu, nimejiondoa na mimi," anasema. "Akili ikiogopa haina akili."

Siku zilizofuata hazikuwa siku. Hakupika, maana harufu ya chakula ingesema kuna mtu. Hakuwasha taa. Alijaribu kufumia mkono mwingine ili mishono ilale upande mwingine. Kilichotoka kilikuwa kitu kilichopinda kama kiatu kilicholowa. Kila mwanamume alipokohoa dukani, alishika mkasi. Alifunga nguo zake, akazifungua, akazifunga. Aende wapi? Kule atakakokwenda atakula nini, kama si kwa sindano ile ile?

Mama wa sabuni aliporudi safarini, muuza nyuzi alimvuta hadi ndani ya duka kabla hajatua mzigo.

"Ni bibi mmoja tu," mama wa sabuni alisema, akishangaa purukushani yote ile. "Bibi wa makamo hivi, mwembamba. Kaniuliza kwa adabu kabisa. Kuna nini?"

Muuza nyuzi alishusha pumzi, akacheka. Nyuma ya dirisha, fundi hakucheka.

"Nilijua ni mama mkwe," anasema. "Na mama mkwe ni mama yake. Nikajua ametumwa atangulie, mwenyewe yuko nyuma."

Bibi alikuja baada ya siku chache. Duka ndiyo kwanza lilikuwa limefunguliwa. Muuza nyuzi alimwambia kwamba mikoba inaletwa kutoka mbali na hamjui anayeifuma. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akakaa kwenye benchi. Akasema atasubiri.

"Utasubiri nini, mama? Nimekwambia hayupo."

"Nimesikia, mwanangu. Nitapumzika tu kidogo."

Alipumzika asubuhi yote. Wateja waliingia, wakanunua vifungo na zipu, wakatoka. Muuza nyuzi alimzunguka na ufagio mara tatu. Bibi aliinua miguu, ukapita, akaishusha.

Kutoka kwenye upenyo wa pazia, fundi alimtazama. Alitazama zaidi mlango wa duka na kila kivuli kilichopita nje, akingoja kile anachokijua. Hakikuja. Ndipo alipoanza kumwona mama mkwe mwenyewe. Alikuwa amekonda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa mtandio shingoni, nao hakuusogeza hata nzi alipomtua usoni.

Adhuhuri bibi alitoa chupa ya maji. Aliibana katikati ya magoti, akajaribu kuzungusha kifuniko kwa mkono wa kushoto. Kikateleza. Akajaribu kwa meno. Mwishowe akairudisha chupa kwenye mfuko bila kunywa.

"Hapo ndipo nilipomwita," fundi anasema. "Sikupanga. Nilisikia mdomo wangu umesema."

"Mama. Umekuja na nani?"

Bibi hakugeuka. Pengine aliogopa kumtisha. "Peke yangu."

"Amekutuma?"

"Angenituma angenivunja mkono kwanza?"

Fundi alishika nondo za dirisha.

"Umenijuaje?"

"Mkanda niliujua ni wangu," bibi alisema, bado akitazama barabara. "Nikauangalia kwa karibu, mishono imelala. Nikajua na kidole ni cha nani."

Fundi alifungua komeo la juu. Anakiri kwamba alikaa muda mrefu kabla ya kufungua la chini. Alikuwa anaikumbuka redio.

Kumbe fundi alipoondoka, hasira ya mumewe haikuondoka naye. Ilivuka ukuta. Mwana alidai mama ndiye aliyemtorosha mkewe. Alianza kwa maneno, akaja kwenye kurusha sahani, akafika kwenye kumvunja mkono. Bibi alitoka akiwa na kile alichovaa, akahamia kwa ndugu huku na kule, akichunguza mikoba ya wanawake katika kila stendi aliyoshuka.

Sasa wanalala chumba kimoja, kitanda kimoja, kichwa hiki huku na kile kule. Asubuhi hii mlango ulipobishwa, bibi alikuwa kliniki; alirudi baadaye.

Hawajawahi kuzungumzia redio. "Siku moja alianza, 'Mwanangu, siku zile mimi…' Nikamwambia anipe mkasi," fundi anasema. "Bado sijawa tayari kusikia. Akisema, itabidi nijibu."

Ujio wa bibi haukuondoa hofu, uliiongeza. Mume amepoteza watu wawili sasa, na atatafuta kwa hasira ya wawili. Na kama mama ameujua mkanda, mwana je?

"Yule? Kwake mkoba ni mkoba," bibi husema.

"Mama, alitambaa juu ya mikoba hii. Ameiona kabla hajajua jina lake."

Kwa hilo hawakukubaliana, lakini waliogopa pamoja. Wakaamua kuubadilisha. Bibi, kwa mkono mmoja na maelekezo mengi, alibuni mikono mipya ya kusuka, iliyoshonewa ukingoni. Ilipendeza. Haikumaliza mwezi. Muuza viazi mmoja wa sokoni alirudi na mkoba ulionyooka mpaka ukawa unaburuzika chini kama mkia, akautupa juu ya meza ya duka.

"Mwambieni huyo mtu wenu wa mbali kwamba mimi nabeba viazi, sibebi maua."

Fundi alimsikia kupitia dirishani. Anasema aibu ile ilimuuma kuliko alivyotarajia. Alishapoteza nyumba, jina zuri na kidole. Kitu kimoja alichokuwa hajapokonywa ni kwamba mkoba wake haukatiki.

Wiki hiyo alirudia mkanda wa kuzungusha. Aliufuma akiogopa, anasema, na hata sasa kila akifika pale mkanda unapopita chini ya kitako, mkono unakuwa mzito. Lakini aliumaliza, na muuza viazi akaletewa mwingine bila malipo.

Ni muuguzi wa kliniki aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza. Alikuwa anabadilisha bandeji ya bibi. Akasema mfupa huu haukuvunjwa na kuanguka; ni nani aliyeuvunja? Bibi akamtaja mwanawe kwa jina.

Kutoka hapo bibi alipelekwa polisi, na fundi akaitwa aje. Bibi alitoa maelezo yake, na alipomaliza ya mkono wake, akaendelea bila kuulizwa. Alieleza aliyoyasikia kupitia ukuta, mwaka hadi mwaka. Fundi alikuwa amekaa kando yake kwenye benchi la kituo. Hapo ndipo alipojua kwamba mama mkwe alisikia mpaka yale ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshayasahau.

Kesi iko mahakamani, katika mji ule ule aliokimbia. Mume yuko nje kwa dhamana. Jumatatu ijayo itasikilizwa, na wote wawili wameitwa kutoa ushahidi. Mara ya kwanza tangu alasiri ile, fundi ataingia chumba kimoja na mumewe.

"Siogopi kupigwa pale, askari wapo," anasema. "Naogopa ataniangalia. Akiniangalia kwa namna fulani, mimi husahau maneno yote. Ninaogopa nitasimama pale kama gogo, hakimu aseme huyu mama hana lolote."

"Mimi nitatangulia," bibi anasema kutoka kitandani. Mkono wake umefunguliwa bandeji sasa, na anajizoeza kwa kukunja uzi kuwa madonge. "Nikimaliza kusema, wewe utaongezea tu."

"Na akikulilia je, mama? Ni mwanao."

Bibi anakunja uzi mizunguko kadhaa. "Atalia," anasema. "Namjua. Nami nitalia. Halafu nitasema."

Gazeti hili lilipomuuliza fundi kama namna anavyofunga mikono ya mikoba yake ifichwe, alisimamisha sindano hewani.

"Andikeni," alisema. "Mume wangu anajua nitakuwepo Jumatatu. Mwambieni tu muuza nyuzi aongeze komeo la tatu."

Kuhusu baadaye, ana mpango mmoja, na anausema kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuuamsha. Anataka meza yake sokoni, karibu na muuza viazi, mikoba ikiwa imepangwa na yeye mwenyewe nyuma yake. Bibi atakaa pembeni afundishe wasichana wawili, kama mkono utaruhusu.

"Nataka nigombane na mteja juu ya bei," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu hadi machoni. "Dada wa duka anagombana nao kila siku, mimi nasikiliza dirishani tu. Nataka mtu aniambie huu ni ghali mno, nimwambie basi nenda kabebee viazi vyako kwenye mfuko wa karatasi."

Anarudi kwenye kitako cha mkoba, anahesabu mishono kwa ncha ya kidole, anapoteza hesabu, anaanza upya.

"Lakini kwanza Jumatatu ipite," anasema.